Kioo Nilichokiosha

Maganga, baba yangu,

Vumilia mwandiko. Masista walinifundisha mpaka darasa la tatu tu, na ninayotaka kukuambia ni marefu kuliko shule yangu. Habari za kufua, za kula kwa watu na za kusali siziandiki. Hizo nimekuimbia tangu una meno ya utoto, na kama hazikuingia wakati ule, karatasi haitaziingiza leo. Sweta nimeliweka juu kabisa kwenye sanduku kwa sababu ya baridi ya kwenye treni. Hayo yameisha.

Nataka kukuambia habari za Bibi yako na picha yake.

Juzi ulirudi kutoka Ntalikwa kumuaga, ukaingia ndani na viatu vya tope, umejaa furaha. "Mama, Bibi amenipa kazi," ukasema. "Nikifika Mwanza kwa Fundi Kasimiri nikitafute kile kioo chake cha zamani, nimsafishie picha yake kwenye karatasi. Nimemwahidi mbele ya majirani." Ukaniambia jinsi alivyokushika mkono, na jinsi wale mama walivyomtania kwamba sasa atakuwa bibi wa ukutani. Mimi nikasema, "Vizuri, baba," nikainama kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Usikitafute. Kioo hicho kilichoshika picha yake kwenye kamera hakiko Mwanza, wala picha yake haikwenda Ulaya kama Bibi yako alivyoambiwa. Nilikiosha mimi, kwa mikono hii, kabla wewe hujazaliwa.

Nimeandika. Sasa naweza kuendelea.

Unajua kwamba nilifanya kazi kwa Fundi Kasimiri alipokuwa bado na studio hapa Gongoni, kabla hajahamia Mwanza. Kazi gani, hukuwahi kuuliza, na mimi nilikuacha uwaze kazi kubwa. Nilifagia. Nilichota maji ya kuoshea picha, nikawachana nywele watoto wa wateja, nikawavalisha watu koti. Koti lilikuwa moja tu, jeusi, na nyuma tulilibana kwa pini likamkaa kila mtu. Mtu alikuja kutoka Igunga na kaptura yake, tukamvalisha koti na tai na saa ya mkono ambayo haikutembea, akasimama mbele ya pazia lenye nguzo za kuchorwa, na kwao ikaenda picha ya bwana mkubwa. Fundi hakuwacheka kamwe. Yeye ni Mgoa, kama ulivyosikia, mguu mmoja mfupi, na alikuwa akisema, "Vero, kila mtu na avae vizuri japo dakika moja." Huko uendako utapewa koti hilo au ndugu yake ulishike. Usimcheke anayeliomba.

Mimi nilikuwa nawacheka. Si mbele yao, ila jioni, kwa shangazi nilikokaa. Nilikuwa na umri kama wako, na koti la kuazima nilikuwa nimelivaa mimi kuliko wao wote.

Binti za shangazi walizaliwa hapa mjini. Nilipofika kutoka Ntalikwa walininusa, wakasema, "Huyu ananuka chungu kibichi." Jina likanishika. Nikitumwa sokoni, mmoja anapaza sauti dirishani, "Chungu Kibichi, usipite kwenye mvua, utayeyuka!" Ulikuwa utani tu, na kwetu Unyamwezini mtu asiyetaniwa ni maiti, lakini mimi nilikuwa nakwenda kulia chooni. Ndiyo maana Fundi aliponiuliza siku ya kwanza mimi ni mtoto wa nani, nilimjibu bila kufikiri kwamba mama yangu ni mke wa mwalimu wa dini kule Nzega. Nzega yenyewe sikuwahi hata kufika.

Mayu hakujua lolote la hayo. (Nimwite Mayu humu, kwa sababu ndivyo ninavyomwita mama yangu kwa Kinyamwezi mpaka leo, na nikiandika "Bibi yako" naona kama namwongelea mtu mwingine.) Yeye alikuwa kwake akifinyanga. Ufinyanzi ameurithi. Bibi yake aliwauzia mitungi ya maji wapagazi waliopita Kwihara na pembe mabegani, na ilisemwa kwamba uko mtungi wa ukoo wetu uliofika mpaka Bagamoyo bila kupasuka. Nililelewa na habari hizo. Nilipofika mjini nikazifungia.

Wewe umemwona akifanya kazi tangu ukitambaa, kwa hiyo labda hukuwahi kushangaa. Mayu hakai. Chungu kinakaa chini, juu ya kigae, yeye anainama anakizunguka kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mmoja nje, anazunguka mpaka udongo unapanda. Chungu hakitembei, anatembea mfinyanzi. Na akishaanza kutengeneza mdomo, hasimami. Mdomo ukikatizwa, kwetu wanasema, chungu hicho kitapasuka motoni na kitapasua na wenzake. Hata mgeni akipiga hodi anajibiwa, "Ngoja, niko mdomoni," na hakuna anayekasirika.

Sasa sikiliza. Ilikuwa wakati wa vita, na vitu vya studio vilikuwa haba. Mke wa Mzungu mmoja wa serikali alitaka picha za wafinyanzi na vyungu vyao za kupeleka kwenye maonyesho huko kwao. Alikuwa amezipiga mwenyewe vijijini, zikajaa kuku na watoto. Kwa hiyo alitaka za studio, kitambaa kitupu nyuma, pasiwe na kitu kingine. Akaagiza kwa wazee wa vijiji. Mimi niliambiwa tu, "Vero, kesho fagia vizuri, wanakuja wafinyanzi wawili." Sikuuliza wa wapi. Niliogopa kuuliza.

Asubuhi nikafungua mlango. Mmoja alikuwa mama mzee wa Kwihara. Wa pili alikuwa Mayu.

Alikuwa ametembea kutoka Ntalikwa na udongo wake kichwani umefungwa kwa majani ya mgomba, na chungu kilichokwisha chomwa amekikumbatia. Alikuwa amevaa kaniki mpya. Uso wake ulifunguka aliponiona, na nakuambia kweli, sijamwona tena mtu akifurahi hivyo kwa kuniona, hata baba yako siku ya harusi. Akasimama akingoja nipige goti nimwamkie. Nyuma yangu Fundi alikuwa anauliza, "Wamefika?" Nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya dukani, "Karibuni. Kaeni kwenye benchi, mtaitwa."

Yule mama wa Kwihara akaguna. "Watoto wa mjini siku hizi hawana hata shikamoo."

"Ana kazi nyingi," Mayu akamjibu. "Mwache."

Akaenda kukaa kwenye benchi. Hakuniita mwanangu mpaka jioni. Alielewa upesi hivyo, Maganga. Sikuhitaji hata kumkonyeza.

Mama wa Kwihara akatangulia. Akakalishwa kwenye kigoda, chungu mapajani, akabana pumzi kama anayezama mtoni, ikawa tayari. Picha yake ilitoka nzuri, akapewa yake akaenda nayo, na alipofariki ilitangulizwa mbele ya jeneza. Mayu alikuwepo kwenye mazishi hayo. Nadhani ndipo alipoanza kuitaka yake kwa nguvu.

Kwa Mayu yule mke wa Mzungu, tuliyemwita memsahib na ambaye alikuwepo, alitaka kazi yenyewe, si mtu kukaa na chungu. Basi tukatandika gunia, Mayu akainama akaanza. Siku ile kulikuwa na wingu, studio nzima giza, na vioo alivyokuwa navyo Fundi vilikuwa vya zamani, vinataka kulishwa mwanga polepole. Ilibidi afungue kifuniko cha kamera, ahesabu, ndipo afunge. Alipokuwa tayari, Mayu alikuwa ameshaanza mdomo.

"Mama, simama hapo hapo. Usitikisike."

"Siwezi, bwana, niko mdomoni," Mayu akasema kwa Kinyamwezi, akiendelea kuzunguka.

"Anasema nini?" Fundi akauliza, na memsahib naye. Wakaniangalia mimi, maana yule mama wa Kwihara alikwisha kwenda zake, na nani mwingine angejua.

Nikasema, "Sijui. Ni Kinyamwezi cha porini."

Kalamu imesimama hapo kidogo. Naendelea.

Fundi akasema basi, tupige hivyo hivyo, Mungu atasaidia. Akafungua kifuniko, akaanza kuhesabu kwa sauti. Mayu akazunguka. Katikati ya hesabu ile, akasimama. Yeye, mdomoni, akasimama. Akainua kichwa akaniangalia pale nilipojibana kando ya pazia, kisha akainama akaendelea. Mimi nikajua amesikia nilichosema.

Kifuniko kilipofungwa Fundi alitikisa kichwa. "Huyu mama atatoka moshi," akasema. Memsahib alikuwa na haraka, hakutaka kurudi siku nyingine. Ndipo Fundi akasema, "Vero, jifunge kanga, chukua kile chungu alichokuja nacho, kaa wewe. Mtu akiangalia atajuaje?"

Nikajifunga kanga. Nikakaa. Nikakishika kile chungu kwa mdomo wake, kama mtu anavyoshika ndoo. Mayu akainuka kutoka kwenye benchi, akaja mpaka mbele yangu. "Hivi, binti," akasema kwa Kiswahili, pole pole, kama kwa mtoto wa watu. "Chungu hushikwa tumboni. Mdomoni kinavunjika." Akanishika viganja akavipanga. Mikono yake ilikuwa bado na udongo mbichi, ikaniachia alama mpaka kwenye vifundo. Nikataka kujifuta. Fundi akasema, "Acha, acha, inaonekana umetoka kazini."

Ndiyo hiyo picha iliyo ukutani kwetu. Ulikuwa mdogo ulipoisogelea na kigoda ukaniuliza, "Mama, kumbe na wewe ulikuwa mfinyanzi?" Nikasema, "Zamani." Sijawahi kumaliza chungu hata kimoja maishani mwangu. Na kwa sababu ya picha hiyo ulianza kupenda picha, ukawa unakata fremu za maboksi, na sasa unakwenda Mwanza. Mimi hulitazama jambo hilo nikashindwa kujua nifurahi au nijifiche.

Fundi alimwambia Mayu arudi wiki ijayo, atamsafishia picha yake akae nayo. Kisha vile vioo vikapita kwenye dawa, na kama kawaida nikaachiwa kuviosha na kuvianika. Vile vilivyoharibika, kazi yangu ilikuwa kuvitia kwenye maji ya moto yenye magadi. Utando wote hutoka, kinabaki kioo safi cha kuwekea fremu, maana vioo vipya havikuwa vikija.

Nikakiinua cha Mayu dirishani. Fundi alisema kweli, mwili wake ulikuwa moshi. Lakini uso haukuwa moshi. Pale aliposimama, uso ulikuwa umeshika wote, macho na mdomo na kovu la nyusi, na ulikuwa uso wangu. Huwezi kuzikosea nyuso zile mbili. Kesho yake Fundi angekisafisha, angeweka picha yangu na chungu hapa na hiyo pale, na angeniuliza habari za Nzega.

Nikakitia kwenye magadi. Nilisugua na kitambaa. Uso ulikuwa wa mwisho kutoka.

"Kilikuwa moshi mtupu, Fundi," nikamwambia.

"Nilijua. Pole yake," akasema. Kioo chenyewe akakikata kidogo akakitia kwenye fremu ya picha yangu, akanipa zawadi siku nilipoolewa. Ndicho hicho hicho, baba. Kila Jumamosi nakifuta vumbi.

Mayu akarudi wiki ile. Nikatoka nje kabla hajafika kwa Fundi. "Bado, Mayu." Akarudi tena, kwa miguu, mvua ikinyesha. "Bado." Mara ya tatu nikamwambia imekwenda Ulaya na yule memsahib, na kioo chake anakiweka Fundi, siku moja kitatafutwa. Nilidhani atahuzunika. Akaangua kicheko. "Ulaya? Mimi na kaniki yangu?" Akaondoka akicheka njia nzima.

Umesikia anavyotania akichoka shambani. "Hapa nimezeeka, lakini kule Ulaya bado kijana." Majirani wakimwona amekaa kivulini humwambia, "Bibi, leo huendi Ulaya?" Wewe mwenyewe unamtania hivyo, na anapenda. Mimi kila nikiusikia utani ule hutafuta kitu cha kuokota.

Sikumwambia. Niliolewa, ukazaliwa wewe, akanikanda kwa maji moto arobaini nzima na usiku akakubeba ili nilale. Nilikuwa nikimwangalia mgongo wake nikisema nitamwambia kesho. Nilidhani nikikua aibu itapungua. Haikupungua, ilizoea nyumba.

Sitaki kukuhubiria, maana huko Mwanza wenzako wapya watakuuliza wewe ni wa nani, na sitakuwepo. Ila nilikusikia mwezi uliopita ukimwambia rafiki yako wa shuleni kwamba baba yako ni fundi wa reli. Baba yako anabeba mataruma, Maganga, na bega lake la kulia liko chini kuliko la kushoto. Alikuwa ndani, na alisikia. Akaniangalia, nikamwangalia. Sikukukemea. Ningekukemea kwa mdomo upi? Nakuambia tu kwamba alisikia, na kwamba kesho ndiye atakayekubebea sanduku mpaka stesheni.

Leo mchana nilipokuambia nampelekea Bibi chumvi, nilikwenda kumwambia. Ahadi uliyompa ilinitoa nyumbani. Ningeweza kukuacha utafute, ukose, umwandikie kwamba hakipo, na lawama ingemwangukia Fundi ambaye hana kosa. Nilifikiria hivyo njiani mpaka karibu na kisima, sikufichi.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anakwangua chungu kwa kipande cha kibuyu. Jicho moja limeshaingia ukungu na la pili linafuata, kwa hiyo anakwangua kwa kupapasa. Nikapiga goti nikamwamkia.

"Umekuja tena? Mtoto amesahau nini?"

"Hajasahau kitu, Mayu. Nimekuja mimi."

Nikamwambia yote nikiangalia udongo. Mkono wake ukaacha kukwangua.

"Ulikiosha na nini?"

"Maji ya moto na magadi."

"Kikatakata, pasibaki kitu?"

"Kikatakata."

Kuku wakaja wakapita. Kisha akasema, "Kwamba hukutaka nijulikane kuwa mama yako, niliona siku ile ile mlangoni. Nikasema ni utoto, utapita. Na ulipita. Lakini hili sikulijua. Nilidhani niko mahali, Vero. Macho yanakwenda, magoti yanakwenda, nikawa nasema sawa, lakini niko mahali, watu nisiowajua wananitazama. Kumbe sipo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Mliokiona ni wangapi?" akauliza.

"Mimi peke yangu."

"Basi kaa chini uniambie nilikuwaje. Na usiruke."

Nikakaa. Nikamwambia kwamba kwenye kioo mambo hugeuka, cheusi huwa cheupe, kwa hiyo kaniki yake ilikuwa inang'aa kama maji ya bwawa mchana. Nikamwambia chungu kilisimama katikati, kila alama ya kidole inaonekana, na yeye alikuwa kama mvuke unaokizunguka. Mikono ilikuwa mingi, kama watu sita wanafinyanga chungu kimoja.

"Sita," akasema, na akacheka kidogo. "Ndiyo maana nilikuwa nachoka. Na uso?"

"Uso ulitoka mahali pamoja tu. Uliposimama."

"Nilisimama mimi? Mdomoni?"

"Ulisimama, Mayu. Ukaniangalia."

"Nilikuangaliaje?"

Hapo nilikaribia kuruka. Nikasema, "Kwa hasira. Kwa sababu nilimwambia Fundi sijui unachosema."

Akageuza kichwa upande wangu, na lile jicho lake lililobaki. "Ulisema hivyo? Sikukusikia," akasema. "Nilikuwa nasikia yule bwana anahesabu tu, na lile dude limenikodolea jicho lake moja. Niliogopa, mwanangu. Nikatafuta mtu wangu amesimama wapi."

Hayo ndiyo niliyorudi nayo. Uliniuliza mbona nimechelewa, nikasema maongezi.

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Nilimuuliza kama anataka umpige nyingine utakaporudi na ufundi wako, akasema, "Ngoja kwanza." Kwa hiyo usimwahidi kitu kingine. Mwandikie salamu, usitaje kioo, ungoje aseme mwenyewe. Nami sasa nitakuwa nakwenda kila nikipata nafasi, maana wakati nasimama kuondoka aliniuliza kama kesho kutwa naweza kuja kumwambia tena, hasa pale pa mikono. Nimemwambia nitakuja.

Basi, baba. Wewe una mikono mizuri na moyo wako ni mweupe kuliko wangu ulivyokuwa, na nina matumaini nawe mpaka naona haya kuyaandika. Siku moja utakuwa nyuma ya kamera, na mtu aliyekaa mbele yako atayaondoa macho ghafla aangalie pembeni. Fundi atakufundisha kumwambia, "Angalia hapa." Mwambie, ndiyo kazi. Lakini kwanza geuka wewe uone anamtafuta nani kwa macho, na kama mtu huyo amejibana kando ya pazia, mwite aje asimame karibu.

Mimi mama yako,
Veronika, binti wa Nyamizi mfinyanzi wa Ntalikwa.